Kuigiza Shakespeare chini ya miti: yale ambayo ukumbi wenye paa haukufundishi

Kabla hujachagua tamthilia ya kuigiza bustanini, tazama kwanza jua linazama saa ngapi. Swali hili halimjii haraka mtu aliyekulia karibu na ikweta. Mombasa na Dar es Salaam, mwaka nenda mwaka rudi, magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na muda si mrefu baadaye ni giza. London mwishoni mwa Juni jua huzama saa tatu na dakika 20 usiku, na uweupe wa mbingu hubaki mpaka saa nne na zaidi. New York, wiki hiyohiyo, ni saa mbili na nusu. Cape Town, ambako majira ya joto ni Desemba hadi Februari, jua la katikati ya Januari huzama kama saa mbili kamili.

Miji hiyo mitatu ina bustani za umma ambamo tamthilia za kale, hasa za Shakespeare, zimeigizwa nje kiangazi baada ya kiangazi. Regent's Park ya London ilianza mwaka 1932. Maynardville, katika kitongoji cha Wynberg mjini Cape Town, ilianza 1956 kwa The Taming of the Shrew, kwa juhudi za waigizaji wawili wanawake, Cecilia Sonnenberg na René Ahrenson. Delacorte, ndani ya Central Park ya New York, ilifunguliwa 1962 kwa The Merchant of Venice, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1969 kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi. Anayefanya kazi kwenye majukwaa ya namna hii, awe fundi taa au mpokea tiketi, hufunzwa mambo yaleyale, na mengi kati ya hayo hayahusu uigizaji hata kidogo.

Turudi kwenye jua. Onyesho la jioni Regent's Park kwa kawaida huanza saa mbili kasoro robo. Likiwa na urefu wa saa mbili na nusu pamoja na mapumziko, basi mwezi Juni sehemu yake kubwa huchezwa kungali kweupe, na giza la kweli huja watazamaji wakiwa tayari wanatafuta treni. Onyesho hilohilo, kwa waigizaji walewale, mwishoni mwa Agosti huanza jua likiwa linazama. Ndani ya miezi miwili machweo yamerudi nyuma kwa zaidi ya saa nzima. Fundi taa aliyepanga taa zake kwa kufuata usiku wa ufunguzi peke yake atashangaa mwezi wa pili, tukio alilolipamba kwa jua la asili limekuwa gizani na hana hata taa moja iliyolielekea.

Kushindana na mchana ni kupoteza umeme. Jua kali hutoa zaidi ya laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na jukwaa lililowashiwa taa za kutosha huwa na elfu moja au mbili hivi. Kwa hiyo ile mbinu ya kuzima taa ili kufunga tukio, ambayo mwongozaji wa ukumbini huitumia bila hata kufikiri, hapa haipatikani mpaka nusu ya pili. Tukio lifungwe kwa njia nyingine: muziki, mlango, au mwigizaji wa tukio linalofuata aingie akisema kabla wa kwanza hajamaliza kutoka. Shakespeare mwenyewe alilijua hili, kwa kuwa ukumbi wa Globe wa zama zake haukuwa na paa juu ya uwanja na maonyesho yalikuwa ya alasiri. Ndiyo maana wahusika wake hutangaza kwamba usiku umeingia, hubeba mienge, huulizana ni saa ngapi, na hufunga matukio kwa mistari miwili yenye vina. Wanaofupisha matini huifuta mistari hiyo kwanza kwa kuona inarudia kile ambacho taa zitaonyesha. Bustanini msiifute. Saa mbili na robo ya mwezi Juni, jua likiwa usoni mwa watu, mstari huo ndio usiku pekee mlio nao.

Uchaguzi wa tamthilia nao ufuate kalenda. Macbeth, ambayo matukio yake mazito ni ya usiku, ipangwe Agosti au Septemba. Wachawi wanaotokeza kwenye mwanga wa dhahabu, nyuma yao mtoto akikimbiza njiwa, hawamtishi mtu. A Midsummer Night's Dream huanza mjini Athens kungali mchana, wapenzi wakaingia msituni jioni inaanguka, na vurugu ikakolea giza likitanda. Kwa tamthilia hiyo bustani hufanya nusu ya kazi ya fundi taa bila malipo. As You Like It na Twelfth Night huvumilia mwanga wowote.

Upangaji wa taa zenyewe hufanyika usiku tu. London katika Juni maana yake ni kuanza saa nne na nusu usiku na kufunga saa kumi alfajiri, maana muda mfupi baadaye kunapambazuka. Saa tano na nusu za giza, ukitoa chai na ngazi za kuhamisha, zinabaki nne. Tengeni usiku kadhaa wa namna hiyo, na siku zinazofuata msiwaite waigizaji asubuhi. Mwelekeo wa jukwaa pia uamuliwe mapema. Jua la jioni likizama nyuma ya jukwaa, watu elfu moja watakunja nyuso kwa saa nzima wasione chochote ila vivuli. Likizama nyuma ya watazamaji, watakaoumia macho ni waigizaji kumi na watano. Kama jukwaa haliwezi kulazwa ubavu kwa jua, afadhali waumie hao kumi na watano.

Sauti ndiyo inayoharibu maonyesho mengi kuliko mvua, ila watu huikumbuka mvua. Nje hakuna ukuta wala dari ya kuirudisha. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6: ukiipima kutoka mita 5, kwenye mita 10 imepungua 6, kwenye mita 20 imepungua 12, kwenye mita 40 imepungua 18. Mwigizaji aliyefunzwa huwafikia bila mitambo waliokaa ndani ya mita 15 hadi 20, kama hakuna barabara karibu na kama amewaelekea. Akigeuka kuutazama mti, silabi zake zimekwenda na mti.

Delacorte ina viti karibu 1,800, Regent's Park zaidi ya 1,200. Kwa ukubwa huo hakuna mjadala, mwenye mstari wa kusema avae maiki. Maiki ndogo hubandikwa kwenye ukingo wa nywele, waya wake hupita chini ya wigi mpaka kwenye kisambaza mawimbi kilichofungwa kiunoni au mgongoni. Adui yake mkubwa ni jasho. Chumvi na maji yake huingia kwenye kiunganishi cha waya, na katikati ya hotuba mfalme anaanza kukwaruza. Mafundi hukivika kile kisambaza mawimbi kondomu isiyo na mafuta na kuifunga fundo pale waya unapotokea. Njia hiyo ni ya bei nafuu na hufanya kazi. Mhasibu wa kikundi aelezwe mapema kabla hajaiona risiti. Betri ziwe mpya kila onyesho, na zilizotumika ziende kwenye mazoezi.

Viti vikifika mbali, spika za nyuma zicheleweshwe. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye safu iliyo mita 25 kutoka jukwaani sauti ya mwigizaji hufika baada ya milisekunde 73. Spika iliyo jirani na safu hiyo ikisema papo hapo, mtazamaji atalisikia neno kutoka bega lake la kushoto kisha atalisikia tena, dhaifu, kutoka kwenye mdomo anaoutazama. Icheleweshe hizo 73, uongeze 10 au 15 juu yake. Sikio hufuata sauti iliyotangulia, na mtu ataamini maneno yote yanatoka kwa mwigizaji.

Hakuna spika inayoshinda helikopta. Juu ya Central Park hupita helikopta na ndege za kwenda na kutoka uwanja wa LaGuardia. London hali kadhalika. Kupiga kelele juu ya injini ni kosa, kwani mwigizaji atachana koo na watu wasisikie. Afundishwe kusubiri: amalize wazo, asikatie katikati ya sentensi, kisha ajaze kimya hicho kwa kitendo kinachomstahili mhusika, amimine mvinyo, asome barua, amzunguke adui yake. Sekunde nane zenye kitendo hazimchoshi mtu. Sekunde nane za mwigizaji aliyeinua macho kuitazama ndege hubomoa tukio zima. Wachekeshaji wana ruhusa ya kuitazama, na wao kila mara hupata kicheko.

Kuhusu mvua, jambo la kwanza ni kutoahirisha mapema. Wingu la saa tisa alasiri haliamui kitu. Regent's Park ina desturi ya kutofuta onyesho kabla ya saa yake ya kuanza. Mvua ikizuia, mtazamaji hubadilishiwa tiketi ya siku nyingine badala ya kurudishiwa fedha. Kikundi kidogo kinachouza tiketi kiandike sharti la aina hiyo kwenye tiketi yenyewe, kwa herufi zinazosomeka, kabla ya tone la kwanza. Miavuli ipigwe marufuku viti vikishajaa, maana mwavuli mmoja huwafungia watano walio nyuma. Watu waje na makoti ya mvua, na kikundi kiwe na makoti membamba ya plastiki ya kuuza mlangoni.

Manyunyu hayamzuii mtu kusema mistari yake. Inayozuiliwa ni miguu. Mapigano ya panga, ngoma na ngazi ndivyo vinavyosimamishwa kwanza, na mwenye kauli hiyo ni meneja wa jukwaa peke yake, si mwongozaji ambaye moyo wake uko kwenye tukio, wala si mwigizaji mwenyewe, ambaye daima atasema yuko sawa. Mbao za jukwaa ziachiwe nafasi ya milimita 5 hivi kati ya ubao na ubao ili maji yapite. Kisha muulizeni fundi wa maleba visigino vya viatu vya wanawake vina upana gani, maana kisigino chembamba huzama katika nafasi hiyo na kumwacha malkia peku. Rangi ya mwisho ichanganywe na mchanga laini uliochekechwa, tabaka mbili, na ya juu ifunikwe kwa vanishi isiyong'aa. Vanishi inayong'aa ni nzuri kwenye picha na ni hatari usiku wa pili. Pembeni ziwepo taulo na mafagio ya mpira ya kusukuma maji, na kila mtu ajue kipande chake cha jukwaa. Umande husahaulika. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hushuka usiku ukikolea, hauonekani, na mbao huteleza bila mtu kusikia tone lolote.

Radi ni habari nyingine. Mwanga ukimulika, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikifika chini ya 30, yaani kilomita 10 hivi, watu waondoke, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hapo bustani huwa na kishawishi chake: watu mia wote watakimbilia chini ya mti mkubwa kuliko yote. Wahudumu wawekwe kwenye njia wakiwa na tochi, wawaelekeze kwenye majengo au magari.

Umeme wa nje upite kwenye swichi ya usalama inayokata ikihisi mvujo wa miliampea 30. Taa ziwe za daraja la IP65 au zaidi, yaani zisizoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa. Viungio vya nyaya visilale ardhini kamwe, vining'inizwe sentimita 30 au zaidi, na waya unaoingia kwenye soketi ushushwe kwanza chini ya soketi halafu upandishwe, ili tone linalotambaa juu yake lidondoke kwenye ule upinde badala ya kuingia ndani. Swichi ikikata katikati ya onyesho, tisa kati ya mara kumi sababu ni kiungio kimoja kilichowekwa kwenye nyasi na mtu mwenye haraka.

Halafu upepo. Pazia la nyuma lililonyooshwa kwenye fremu ni tanga, na jukwaa lako ndiyo jahazi. Chukua kitambaa cha mita 4 kwa 3. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao ni kilomita 36 kwa saa na haumshangazi mtu wa pwani, hukisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 na ushei. Upepo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nne, karibu kilo 300. Ndiyo sababu fremu iliyosimama wiki mbili bila tatizo huanguka usiku mmoja, na anayelaumiwa huwa seremala ilhali kosa ni la hesabu. Cape Town, ambako upepo wa kusini-mashariki huvuma siku nyingi za kiangazi, mapambo mazito na ya chini ndiyo yenye akili. Tumieni kitambaa cha wavu, au msitumie kitambaa kabisa na muiache miti ndiyo iwe pazia. Uzito wa kushikilia fremu ni rahisi kupatikana: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo madumu sita ya lita 20 ni kilo 120. Yafungwe kwenye mguu wa fremu. Dumu lililoegeshwa tu huachwa nyuma fremu ikiondoka.

Kwa nini madumu badala ya vigingi? Kwa sababu ya mizizi. Ardhi ya bustani ya umma si yenu, na chini ya nyasi mna mizizi, mabomba ya kumwagilia na nyaya za taa za njiani. Wenye bustani wataruhusu jukwaa lakini hawataruhusu kigingi cha nusu mita karibu na mwaloni wa miaka mia mbili, wala msumari kwenye shina lake. Nyasi nazo zina siasa zake. Mwaka 1959 Robert Moses, aliyekuwa mkuu wa bustani za jiji la New York, alimtaka Joseph Papp, mwanzilishi wa tamasha la Central Park, awatoze watazamaji kiingilio ili fedha ziende kwenye matengenezo ya uwanja na nyasi zilizokanyagwa. Papp, ambaye msimamo wake ulikuwa Shakespeare awe bure kwa kila mtu, alikwenda mahakamani na katika rufaa akashinda. Miaka mitatu baadaye jiji lilikuwa na ukumbi wa kudumu palepale, kando ya bwawa la Turtle Pond, kwa mchango wa mchapishaji George Delacorte. Kikundi kisicho na wakili kiweke mbao za kupita kwenye njia zinazokanyagwa zaidi, na kihamishe maeneo ya kukaa kila wiki.

Wanyama hawana ratiba. Delacorte rakuni wametembea jukwaani mbele ya wafalme mara nyingi mpaka wakawa na mashabiki wao. Wadudu ndio tabu zaidi. Taa nyeupe inayoelekea buluu huwavuta kuliko ya rangi ya kaharabu, na mwigizaji aliyesimama ndani ya mwanga mkali akivuta pumzi ndefu kabla ya hotuba atammeza nondo mapema au baadaye. Pumzi aivutie puani. Ikiwezekana wekeni taa moja ya buluu mbali, nyuma ya vichaka, iwavute huko. Maji ya kunywa yawe kila upande wa jukwaa. Sufu, wigi na kola ya karne ya 16 kwenye jioni ya nyuzi 33 si mchezo.

Urefu wa matini ukadiriwe kwa mistari 900 hadi 1,000 kwa saa. The Comedy of Errors, yenye mistari 1,800 hivi, huingia jioni moja bila kuguswa. Hamlet, yenye mistari kama 4,000, lazima ikatwe karibu nusu, na heri ikatwe mezani kuliko kukatwa na watu wanaoondoka. Mapumziko yanataka hesabu ya pekee. Wanawake 400, vyoo 8, kila mmoja dakika moja na nusu: hiyo ni dakika 75, nanyi mmetangaza 20. Ama ongezeni vyoo, ama mcheze bila mapumziko kwa muda usiozidi saa mbili. Sisi tunaegemea upande wa kutokuwa na mapumziko, kwa sababu baridi huingia watu wakisimama, na waliokwenda kununua chai hukuta joto la viti vyao limekwisha.

Anayekwenda Delacorte kama mtazamaji ajue kwamba tiketi ni bure lakini hulipiwa kwa usingizi. Bustani hufungwa saa saba usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kama kuna nyota jukwaani, foleni huanza nje, kwenye kona ya Central Park West na mtaa wa 81, kabla lango halijafunguliwa, kisha wahudumu huwaongoza watu ndani kwa mpangilio waliofika nao. Tiketi hugawiwa saa sita mchana, mbili kwa kila mtu. Hakuna kumwekea mwenzako nafasi: kila anayetaka tiketi awepo mwenyewe, na wanaokuzunguka watakulinda au watakushtaki, kutegemea tabia yako. Njoo na mkeka, maji, chakula, kofia na betri ya akiba ya simu. Wazee wa miaka 65 na zaidi pamoja na watu wenye ulemavu wana foleni yao, yenye viti. Asiyeweza kukaa foleni kwa muda wa saa sita nzima ajaribu bahati nasibu ya kwenye simu, au asimame jioni kwenye foleni ya viti vilivyoachwa. Siku ya wingu foleni hiyo hulipa. Jioni chukua sweta hata kama mchana ulikuwa wa moto.

Ukumbi huo ulifungwa kwa ukarabati wa gharama ya dola milioni 85 hivi, ukavikwa upya mbao nyekundu zilizotoka kwenye matangi ya zamani ya maji ya mapaa ya New York, ukafunguliwa tena Agosti 2025 kwa Twelfth Night. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Pacha waliopotezana baharini, Viola na Sebastian, waliigizwa na Lupita Nyong'o na ndugu yake wa damu, Junior Nyong'o, na wahusika hao wageni katika nchi isiyo yao walikuwa na lugha yao ya nyumbani: Kiswahili. Si mara ya kwanza kwa Kiswahili kusikika nje katika tamthilia hizi. Mwaka 2012 Wakenya walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili kwenye Globe ya London, ile iliyojengwa upya bila paa juu ya uwanja.

Wanaotaka kucheza Juliasi Kaizari au Mabepari wa Venisi nje, kwenye ngome ya zamani au bustani ya manispaa, wana faida moja na hatari moja ambazo vitabu vya Kiingereza vya uigizaji haviwezi kuwaonya. Faida ni kwamba maneno yetu huishia kwa irabu, na irabu husafiri vizuri nje, ilhali konsonanti za mwisho za Kiingereza hufa kabla ya safu ya kumi. Hatari iko mwanzoni mwa neno. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini nani anatenda, na kama anatenda au hatendi, hukaa mbele kabisa, pale ambapo mwigizaji bado anaipandisha sauti. Nitakuja na sitakuja hutofautiana kwa konsonanti moja. Atarudi na hatarudi hutofautiana kwa pumzi, na majani ya mwembe huila pumzi hiyo.

Zoezi lake ni jepesi. Mtu mmoja akae mita 30 kutoka jukwaani, awape mgongo waigizaji, awe na karatasi na kalamu, na asiwe ameisoma tamthilia. Kila mwigizaji aseme mistari yake kumi yenye kukanusha, kwa hisia zake zote, bila kurudia. Msikilizaji aandike alichosikia. Kisha meneja wa jukwaa alinganishe na matini, na kila palipoandikwa "atarudi" badala ya "hatarudi" pigwe duara. Mwigizaji ayarudie hayo tu, akianza neno kwa pumzi mpya badala ya kuongeza kelele, mpaka karatasi ilingane. Fanyeni hivyo saa ileile ya onyesho, barabara ikiwa na magari yake na kunguru wakiwa wanarudi kulala.